Kwa Kuzaliwa au kwa Kukaa: Siku Moja na Watazamaji wa Kriketi ya Kaunti

Wiki hii tunawapeleka mbali, kwenye uwanja wa majani kule Uingereza, kuangalia mchezo ambao wengi wetu hatujawahi hata kuushika: kriketi. Msikimbie jamani. Hatutawafundisha sheria zake zote, maana hata Waingereza wenyewe wengine zinawashinda. Tunataka kufuatilia swali moja ambalo mchezo huo umeliuliza tangu 1873, na sisi tunaulizwa kila tukifika kwenye dirisha la usajili: ulizaliwa wapi, na umekaa hapa tangu lini?

Kwanza mchezo wenyewe, kwa ufupi. Timu mbili, kila moja watu 11. Mrushaji anarusha mpira kuelekea vijiti vitatu vilivyosimamishwa chini. Mpigaji anavilinda vile vijiti kwa gongo la mbao, na akiupiga mpira mbali anakimbia upande wa pili kubadilishana nafasi na mwenzake. Kila wakipishana salama wanahesabiwa mkimbio mmoja. Mpira ukifika ukingoni ni mikimbio minne, ukiruka ukingo bila kugusa chini ni sita. Vijiti vikigongwa, au mpira ukidakwa hewani, mpigaji anatoka, na watu wanasema wiketi imeanguka. Zikianguka kumi, timu nyingine inapiga.

Sasa shangaeni: mechi ya kaunti inachukua siku nne. Zamani zilikuwa tatu. Na baada ya siku zote hizo inawezekana kabisa pasipatikane mshindi, mvua ikanyesha, watu wakakunja viti wakaenda nyumbani wakiwa wameridhika.

Neno kaunti ndugu zetu wa Kenya wanalijua vizuri, wanazo 47 tangu katiba ya 2010. Kaunti za Uingereza ni za zamani mno, na timu zake za kriketi zilianza kushindania ubingwa rasmi mwaka 1890. Zilikuwa nane: Surrey, Lancashire, Kent, Yorkshire, Nottinghamshire, Gloucestershire, Middlesex na Sussex. Surrey ndo ilichukua ubingwa wa kwanza. Leo ziko 18, na moja kati yao, Glamorgan, ni ya Wales.

ASUBUHI: GETINI

Mechi kwa kawaida inaanza saa tano asubuhi, kati ya mwezi wa nne na wa tisa. Siku za kazi utaona wengi wanaoingia ni wazee waliostaafu. Mmoja amebeba chupa ya chai na mikate iliyofungwa kwenye karatasi, mwingine blanketi la kufunika magoti, mwingine gazeti, na karibu wote wana mwavuli, maana mvua ya kule haiaminiki. Wanachama wa klabu wanaelekea kwenye jengo lao lenye roshani. Wengine wanatafuta benchi, na si benchi lolote. Mtu anayo sehemu yake, ameikalia miaka na miaka, na jirani yake akikosekana siku mbili watu wanaanza kuulizana kama ni mgonjwa.

Getini unanunua kadi ya matokeo, yaani karatasi yenye majina ya wachezaji wote, unajaza mwenyewe kwa penseli kadiri wiketi zinavyoanguka. Karatasi hiyo ndogo inaficha historia kubwa. Kwa muda mrefu sana wachezaji wa Uingereza walikuwa matabaka mawili. Walikuwepo mabwana, watu wenye nafasi zao waliocheza bila mshahara, na walikuwepo wachezaji wa kulipwa, wengi wao watoto wa wafanyakazi. Timu moja, lakini vyumba vya kubadilishia nguo viwili, na viwanja vingine hata geti la kuingilia uwanjani lilikuwa tofauti. Kwenye kadi, bwana aliandikwa herufi za majina yake kwanza kisha ukoo. Wa kulipwa aliandikwa ukoo kwanza, herufi nyuma. Mwaka 1950, pale Lord's, London, kijana Fred Titmus alikuwa anatoka kwenda kupiga. Kipaza sauti kikawatangazia watazamaji kwamba kadi zao zina kosa: lile jina lisisomwe F. J. Titmus, lisomwe Titmus F. J. Kijana wa kulipwa alikuwa ameandikwa kama bwana, na hilo likaonekana ni jambo la kusahihishwa mbele ya uwanja mzima. Ubaguzi huo ulifutwa mwishoni mwa 1962. Kuanzia 1963 wote wakaitwa wachezaji tu.

Sisi tulioishi na kadi za kila rangi tunaelewa jinsi karatasi inavyoweza kumpanga mtu. Lakini kwa kaunti kulikuwa na mpangilio mwingine mkubwa zaidi ya huo. Mwaka 1873 kaunti zilikubaliana nani aruhusiwe kuchezea nani. Kabla ya hapo mchezaji wa kulipwa aliweza kuchezea kaunti zaidi ya moja katika msimu mmoja, kulingana na mahali pesa ilipo. Sheria mpya ikasema kila mtu achague kaunti moja kwa msimu, na milango ya kuingilia ni miwili. Ama uwe umezaliwa humo, ama uwe umekaa humo miaka miwili.

Kwa kuzaliwa au kwa kukaa. Kwa Kiswahili chetu neno hilo la pili linafanya kazi mbili: mtu anakaa Kigoma, na mtu anakaa kwenye benchi. Liwekeni akilini tukiendelea na siku yetu.

MCHANA: CHAKULA NA MGAO

Saa saba mchana mechi inasimama watu wale. Viwanja vingi vya kaunti vinaruhusu watazamaji kushuka kwenye majani wakati huo. Watoto wanacheza mpira wao pembeni, wazee wanatembea polepole hadi karibu na sehemu ya katikati iliyozungushiwa kamba, wanaikagua kama mkulima anavyokagua shamba la jirani. Ukitazama tu kwa mbali unaweza kusema ni watu wasio na shida duniani.

Sasa turudi mwaka 1947. Vita vya Pili vya Dunia vimekwisha miaka miwili tu. Mitaa ya London bado ina magofu ya mabomu. Chakula ni cha mgao: nyama, sukari, siagi, na hata mkate wenyewe, ambao uliwekwa kwenye mgao kuanzia Julai 1946 hadi Julai 1948. Majira ya baridi yaliyotangulia yalikuwa makali ajabu, makaa ya mawe yakapungua, viwanda vikasimama. Kisha likaja jua la kiangazi, na watu wakamiminika viwanjani. Zaidi ya watu milioni 2 walilipa kuangalia mechi za ubingwa wa kaunti msimu ule.

Walimfuata hasa mtu mmoja, Denis Compton wa Middlesex. Katika msimu huo mmoja alipata mikimbio 3,816 na kuvuka mikimbio mia mara 18. Mwenzake wa timu, Bill Edrich, akapata 3,539. Middlesex wakachukua ubingwa. Sisi tunaojua foleni ya mgao ni nini tunaona jambo hapo. Mtu mwenye kadi ya mkate mfukoni alitoa shilingi yake akakae siku nzima kuangalia mwingine akipiga mpira. Wakubwa zetu wa mashirika wanapouliza kama mpira, ngoma au maktaba ni hitaji la lazima, tungependa wakumbuke mwaka huo.

Baada ya hapo idadi ya watazamaji iliporomoka mwaka hadi mwaka. Magari, televisheni na kazi mpya viliwapa watu pengine pa kwenda. Ili kuwarudisha, mwaka 1963 kaunti zikaanza kombe la mechi zinazomalizika kwa siku moja, na mwaka 1969 ligi ya Jumapili. Katikati yake, mwaka 1968, ule mlango wa kukaa miaka miwili ulilegezwa. Kila kaunti ikaruhusiwa kumsajili mchezaji mmoja kutoka nje bila kungoja. Garfield Sobers wa Barbados akaenda Nottinghamshire, na tarehe 31 Agosti mwaka huohuo, kwenye mechi dhidi ya Glamorgan kule Swansea, akapiga mipira sita mfululizo, yote ikaruka ukingo. Mpira wa mwisho ulitoka nje ya uwanja kabisa.

ALASIRI: WORCESTER

Ukitaka kuona uwanja wa kaunti kama ulivyo kwenye picha za kalenda, nenda New Road, Worcester. Mto Severn unapita karibu, ng'ambo yake limesimama kanisa kuu la mji, na majira ya baridi mto ukifurika uwanja wote unageuka ziwa. Watazamaji wa pale wanasifia keki za jengo la akina mama kuliko wachezaji wengine.

Hapo Worcester ndipo ile sheria ya kukaa ilionyesha meno yake. Mwaka 1961 alihamia Tom Graveney, mmoja wa wapigaji bora wa Uingereza, baada ya kukosana na kaunti jirani ya Gloucestershire. Gloucestershire hawakukubali aondoke, na wakubwa wa mchezo wakaamua kwamba hawezi kuichezea Worcestershire katika ubingwa mpaka atimize muda wake wa kukaa. Mwingereza, ndani ya Uingereza, amehamia kaunti jirani tu, akapoteza msimu mzima akisubiri kuhesabiwa kuwa mwenyeji.

Miaka michache baadaye akaja aliyesafiri kutoka mbali zaidi. Basil D'Oliveira alizaliwa Cape Town mwaka 1931. Kwa sheria za ubaguzi za Afrika Kusini aliwekwa kwenye kundi la machotara, kwa hiyo hakuruhusiwa kuichezea nchi yake hata awe hodari namna gani. Alimwandikia barua mtangazaji wa kriketi wa Uingereza, John Arlott, ambaye hakuwahi kuonana naye, akimwomba amtafutie timu. Arlott hakuitupa barua ile. Mwaka 1960 D'Oliveira akapata mkataba na klabu ya Middleton, huko kaskazini. Mwaka 1964 akajiunga na Worcestershire, akatumikia muda wake wa kukaa, na 1965 akaanza kucheza mechi za ubingwa. Worcestershire walikuwa wamechukua ubingwa wao wa kwanza 1964, wakaurudia 1965 akiwemo. Mwaka 1966 akachaguliwa kuichezea Uingereza yenyewe.

Agosti 1968, pale Oval, London, alipata mikimbio 158 dhidi ya Australia. Siku chache baadaye lilisomwa jina la kila mchezaji atakayesafiri kwenda Afrika Kusini, jina lake halimo. Watu wakakasirika nchi nzima. Mchezaji mmoja, Tom Cartwright, alipojitoa, D'Oliveira akaitwa, na waziri mkuu wa Afrika Kusini, John Vorster, akasema timu hiyo hawezi kuipokea. Safari ikafutwa.

Kwa kawaida simulizi hii inaishia kwa Vorster. Sisi tunataka kuwatazama waliokaa kwenye mabenchi. Desemba 1968 baadhi ya wanachama wa klabu kuu ya London, wakiongozwa na mchezaji wa zamani David Sheppard, waliitisha mkutano maalumu kuwahoji viongozi wao wenyewe. Kura hazikutosha, wakashindwa. Mwaka 1970 Waafrika Kusini weupe walitakiwa kuja kucheza Uingereza, pamoja na mechi dhidi ya kaunti. Kampeni ya kuwazuia iliongozwa na mwanafunzi ambaye hakuwa amefika miaka 21: Peter Hain. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akakulia Afrika Kusini, wazazi wake wakapigwa marufuku kwa sababu ya siasa zao za kupinga ubaguzi, na 1966 familia ikalazimika kuondoka. Naam, kijana wa uhamishoni kama sisi. Usiku mmoja wa Januari 1970 viwanja vya kaunti sehemu mbalimbali vilivamiwa na kupakwa rangi. Lord's ikazungushiwa waya wa miba. John Arlott akatangaza kwamba hatatangaza mechi hizo. Wapenzi wengi wa kriketi walichukia, walitaka wakae waangalie mchezo wao kwa amani. Mwezi wa tano serikali ikaomba ziara ifutwe, ikafutwa. Afrika Kusini ikakaa nje ya kriketi ya kimataifa zaidi ya miaka 20.

D'Oliveira aliendelea Worcestershire, akawa mchezaji, kisha kocha, na mwanawe Damian naye akaichezea kaunti hiyohiyo. Kwa wahenga wetu mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Worcester walimpa jembe, akalima.

WAKATI WA CHAI: YORKSHIRE

Karibu saa kumi kasoro dakika ishirini wachezaji wanatoka kunywa chai. Tuutumie muda huo kwenda kaskazini, kwenye kaunti iliyotwaa ubingwa mara nyingi kuliko zote.

Yorkshire iliuchukua ule mlango wa kukaa ikaufunga. Kwa karibu karne nzima mila yao ilikuwa kwamba anayeichezea Yorkshire lazima awe amezaliwa ndani ya mipaka yake. Inasimuliwa kwamba wazazi waliokuwa mbali walimrudisha mama nyumbani ajifungulie Yorkshire, endapo mtoto atakuwa wa kiume na anajua kupiga. Kichekesho ni kwamba Lord Hawke, nahodha aliyeiongoza kaunti hiyo kuanzia 1883 hadi 1910, yeye mwenyewe alizaliwa Lincolnshire. Mila nyingi za namna hii ziko hivyo: kali kwa wa chini, laini kwa mkubwa.

Mila hiyo ilivunjwa 1992, na wa kwanza kuletwa kutoka nje ya nchi alikuwa kijana wa miaka 19 kutoka Bombay, Sachin Tendulkar. Watazamaji wakampokea kwa shangwe. Lakini angalieni tarehe. Tangu miaka ya 1950 na 1960 watu wengi kutoka Pakistan na India walikuwa wamehamia Bradford, Huddersfield na miji mingine ya Yorkshire kufanya kazi kwenye viwanda vya nguo. Watoto wao walizaliwa humohumo, ndani ya mpaka, kama mila ilivyotaka. Walicheza kriketi kila mwisho wa wiki kwenye ligi zao. Hata hivyo mzaliwa wa Yorkshire mwenye asili ya Asia hakuichezea timu ya kwanza mpaka 2004, alipoingia Ajmal Shahzad wa Huddersfield. Kumbe kuzaliwa nako hakukutosha.

Miaka ya karibuni jambo hili lilifika Bungeni. Azeem Rafiq, mzaliwa wa Karachi aliyekuja Uingereza akiwa mtoto, aliyewahi hata kuwa nahodha wa Yorkshire, mwezi Novemba 2021 aliieleza kamati ya Bunge ubaguzi alioupata klabuni. Mwaka 2023 klabu ikatozwa faini na kunyang'anywa pointi, na mwaka huohuo tume huru ikaripoti kwamba ubaguzi wa rangi, wa jinsia na wa tabaka umeenea katika kriketi ya Uingereza na Wales. Basi ndugu zetu, tusije tukaupamba mchezo huu. Yale mabenchi matulivu yamesikia na maneno mabaya.

JIONI: LEICESTER

Tumeacha Leicester iwe ya mwisho kwa sababu inatugusa karibu zaidi.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia wa Uganda, akawapa siku 90. Wengi wao walikuwa na pasi za Uingereza. Kama 28,000 hivi walikwenda huko. Walishuka kwenye ndege na sanduku moja moja, wakapelekwa kwenye makambi ya muda, mengi yakiwa ya zamani ya jeshi. Mwezi wa tisa, kabla wengi hawajaondoka Kampala, baraza la mji wa Leicester lilinunua nafasi kwenye gazeti la Uganda Argus. Likawaambia waziwazi, kwa faida yao na ya familia zao, wasije Leicester: nyumba zimejaa, shule zimejaa, huduma zimeelemewa. Maneno hayo tunayajua, tumeyasikia kwa lugha nyingi. Walikuja hivyohivyo, kwa maelfu. Wakafungua maduka, wakajaza viwanda, wakakaa.

Sasa tazameni kriketi ya miaka ileile. Juni 1975 lilichezwa Kombe la Dunia la kwanza, nalo lilichezwa Uingereza, kwenye viwanja vya kaunti. Miongoni mwa timu nane ilikuwepo moja iliyoitwa Afrika Mashariki, yenye wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, nahodha wake Harilal Shah. Walicheza Birmingham na Leeds, wakafungwa mechi zote tatu. Kwenye mechi ya kwanza, Glenn Turner wa New Zealand, aliyekuwa akiichezea Worcestershire, aliwapigia mikimbio 171 bila kutolewa. Ndani ya timu hiyo walikuwemo Waganda John Nagenda na Samuel Walusimbi. Alikuwemo pia Don Pringle wa Kenya, ambaye mwanawe Derek, mzaliwa wa Nairobi, baadaye aliichezea Essex na Uingereza. Miaka mitatu tu baada ya tangazo la Amin, Waasia na Waafrika kutoka Uganda, Kenya na Tanzania walikuwa wamevaa jezi moja, mbele ya watazamaji wa nchi iliyopokea waliofukuzwa.

Na Septemba ya mwaka huohuo, Leicestershire, kaunti ndogo iliyoingia kwenye ubingwa 1895, ikautwaa kwa mara ya kwanza, baada ya miaka 80. Nahodha alikuwa Ray Illingworth. Mjue alikuwa mtu wa Yorkshire, mzaliwa halisi, aliyeondoka kwao 1968 kwa sababu ya ugomvi wa mkataba. Kuzaliwa kulimpa Yorkshire. Ubingwa wa Leicester ulitokana na kukaa.

Uwanja wa Leicestershire unaitwa Grace Road. Mwaka 2018 alikuja kuichezea kaunti hiyo, kwenye ligi ya mechi fupi za jioni, Mohammad Nabi wa Afghanistan. Nabi alijifunza kriketi Peshawar, Pakistan, ambako familia yake ilikimbilia vita. Kriketi ya Afghanistan kwa sehemu kubwa ilikulia huko, kwa watoto wa makambi waliochukua mchezo wa wenyeji wao wakaurudisha nyumbani. Mwaka 2017 nchi yao ikakubaliwa kwenye daraja la juu kabisa la mchezo huu. Kwa hiyo katika mji ulioandika gazetini msije, mkimbizi alilipwa mshahara kuwavutia watu waje.

Hatusemi mambo yote yamekuwa mazuri. Tunasema hayakuwa mazuri kwa sababu ya tangazo wala kwa sababu ya sheria. Yalisogea kwa sababu watu walikaa muda mrefu kiasi kwamba kuwaita wageni kukawa kazi ngumu.

Na sisi je? Mwaka uleule wa 1972 Warundi walikimbilia Tanzania, wakapewa ardhi Ulyankulu na Katumba, baadaye Mishamo. Wakalima, wakazaa, wajukuu wakazaliwa. Mwaka 2014 zaidi ya 150,000 kati yao na watoto wao wakaanza kupewa vyeti vya uraia. Ilichukua miaka 42. Wale wakubwa wa kriketi wa 1873, pamoja na matabaka yao yote, walidhani miaka miwili inatosha. Katikati ya miwili na 42 ndipo tulipo wengi wetu: tuliozaliwa hapa bila kuhesabiwa wa hapa, na tuliokaa hapa bila mtu wa kutuhesabia miaka. Nyinyi mnaoandika ripoti, mnapoandika idadi yetu, andikeni na urefu wa kukaa kwetu. Ni sehemu ya takwimu.

Saa kumi na mbili jioni kivuli cha jengo la wanachama kinafika katikati ya uwanja. Wazee wanafunga chupa zao za chai. Viwanja kadhaa vya kaunti vimekuwa na desturi moja nzuri: baada ya mapumziko ya chai geti linaachwa wazi, na aliyekosa kiingilio asubuhi, au aliyekuwa kazini, anaingia bure kuangalia saa mbili za mwisho. Hakuna anayemuuliza kazaliwa wapi. Anatafuta tu nafasi kwenye benchi, na mwenye benchi anasogea.

Tuandikieni: hapo mlipo, nani amewahi kuwasogelea mkakaa?